Ukungu ni wa Nani? Uhakiki wa Picha za Filamu Zilizokwisha Muda

UTANGULIZI

Kila msanii ana malighafi yake. Mwandishi ana lugha, mchongaji ana mpingo, na mpiga picha ana mwanga pamoja na kitu cha kuudakia mwanga huo. Sisi wahakiki tumezoea kuichukulia malighafi kama kitu kilichotulia tu, kinachomngoja msanii aje akitumie apendavyo. Hivi itakuwaje kama malighafi yenyewe imekwisha kuanza kazi miaka thelathini kabla msanii hajafika?

Swali hili limeletwa na mtindo wa upigaji picha ambao una wapenzi wengi siku hizi Ulaya, Marekani na kwingineko. Mpiga picha hutafuta filamu ya nyeusi na nyeupe ambayo tarehe yake ya mwisho, ile iliyopigwa kwenye boksi, ilipita zamani. Huitia katika kamera ya kale, tuseme Brownie ya Kodak au Zorki ya Kirusi, akapiga, akasafisha, kisha akayapokea yote yatakayojitokeza: ukungu, chenga, madoa, michirizi. Filamu nyingine hazipatikani tena ila zikiwa zimekwisha muda. Kodak iliacha kutengeneza Verichrome Pan mwaka 2002 na Plus-X mwaka 2011. Anayezitaka leo hana budi kuzifuata kwenye madroo ya marehemu.

Wapenzi wa mtindo huu wana dai moja kubwa: eti katika picha hizo mtunzi ni wakati wenyewe. Dai hilo ni tamu, na ndiyo maana linafaa kuchunguzwa. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba ukungu wa filamu iliyokwisha muda husomwa vibaya. Hadhira huusoma kama sura ya zamani, kumbe ni alama ya kitu kingine kabisa. Nitaonyesha pia kwamba usomaji huo mbaya, ukiletwa kwetu Afrika, unakuwa suala la itikadi.

Atakayeuliza picha zinatafuta nini katika jarida la uhakiki wa fasihi, jibu langu ni fupi. Mzozo wetu wa siku zote kuhusu fani na maudhui, kama ni kikombe na chai au pande mbili za sarafu moja, haujawahi kupata mfano ulio wazi kama huu. Hapa kikombe kimeingia ndani ya chai.

FANI: KINACHOTOKEA NDANI YA FILAMU

Tuanze na mambo ya kiufundi, maana mhakiki asiyejua kazi inavyotengenezwa hubaki akisifia hewa. Katika filamu ya nyeusi na nyeupe, fuwele ndogo sana za chumvi za fedha zimetandazwa ndani ya jelatini. Fuwele iliyoguswa na mwanga, ikikutana na dawa ya kusafishia, hugeuka fedha nyeusi. Ile ambayo haikuguswa huondolewa na dawa ya pili. Kwa hiyo kila chembe nyeusi kwenye negativu ni shahidi anayesema: hapa mwanga ulipita.

Filamu ikikaa miaka mingi, joto, unyevu na mionzi ya kawaida ya mazingira huzibadilisha baadhi ya fuwele, zikawa tayari kugeuka nyeusi bila kuonana na mwanga wowote. Huo ndio ukungu. Kwa lugha ya mahakamani, ni mashahidi wa uongo: wanathibitisha mwanga ambao haukuwapo. Papo hapo filamu inapungukiwa na uwezo wa kuuona mwanga wa kweli. Vivuli vinapoteza undani wake, weusi unakuwa kijivu, na picha nzima inapooza. Filamu kali, zilizotengenezwa kwa ajili ya mwanga hafifu, huzeeka haraka kuliko zile za polepole. Iliyohifadhiwa kwenye friza hukaa vizuri kuliko iliyosahauliwa kwenye kabati la bati.

Sasa hapa pana jambo ambalo wapenzi wa mtindo huu hawapendi kulitilia mkazo. Ukungu unaweza kupunguzwa. Desturi ya mafundi ni kuongeza mwanga maradufu kwa kila miaka kumi ambayo filamu imepitisha baada ya tarehe yake, ingawa filamu ya nyeusi na nyeupe iliyotunzwa vizuri mara nyingi huhitaji nyongeza ndogo zaidi. Hali kadhalika, bromidi ya potasiamu au benzotriazoli ikitiwa katika dawa ya kusafishia huzuia sehemu ya ukungu. Fundi mwenye subira anaweza kupata picha safi kutoka kwenye filamu ya mwaka 1970, na watazamaji wasijue.

Maana yake nini kwa mhakiki? Maana yake ni kwamba mpiga picha aliyeuacha ukungu wote ameuchagua. Dai la kwamba wakati ndio mtunzi linaanza kupwaya. Wakati umeleta rasimu, lakini mhariri yupo, na jina lililo chini ya picha ni la mhariri huyo. Mtu hawezi kuchukua sifa picha ikipendeza, kisha lawama akaisukumia kemia.

Kamera ya kale nayo ina lugha yake. Brownie ya kwanza ilitoka mwaka 1900 ikiuzwa dola moja ya Marekani. Lenzi yake ni kioo kimoja tu, huona vizuri katikati na kufifia pembeni. Kamera nyingi za aina hiyo hazina kizuizi cha kumlazimisha mtu asogeze filamu kabla ya kupiga tena, hivyo picha mbili hupandana. Filamu za rola zina karatasi mgongoni yenye namba, na mpiga picha huzisoma kupitia kidirisha chekundu. Filamu ikizeeka sana, wino wa namba hizo hujichapa kwenye filamu yenyewe, ukaona "5" au "6" inaelea angani juu ya mnazi. Ni kama namba ya ukurasa iingie katikati ya sentensi ya riwaya. Kwa anayependa uhakiki wa kimuundo hii ni karamu, maana kitabu kinaanza kujizungumzia chenyewe.

JE, UKUNGU NI SURA YA ZAMANI?

Muulize mtu yeyote aliyeonyeshwa picha ya namna hii anaona nini. Atakuambia: "Inaonekana ya zamani." Hapo ndipo penye kosa.

Tuwatazame wapiga picha wa zamani wenyewe. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kutoa negativu za sentimita 13 kwa 18, na kwa sababu filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Zitazame picha hizo. Unaweza kuhesabu maua ya kitambaa alichokitundika nyuma ya mteja, ukauona mshono wa gauni, ukaiona saa mkononi. Hakuna ukungu. Mteja alilipia uwazi, na fundi alimpa uwazi. Huku kwetu, Capital Art Studio ilianzishwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930, na hazina yake ya picha za nyeusi na nyeupe inaonyesha tabia hiyo hiyo: watu wamesimama wima, wamevaa vizuri, mwanga umepangwa. Yupo mzee gani ambaye angekubali kulipia picha ya arusi ya bintiye iliyojaa chenga? Angeirudisha siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo zamani, ilipokuwa inapigwa picha, haikuwa na ukungu. Watu wa mwaka 1950 walitumia filamu mbichi kama walivyokula samaki mbichi. Ukungu umekuja baadaye, katika ile miaka ambayo boksi lilisahauliwa. Tukiwa waangalifu basi, tutasema kwamba ukungu ni alama ya kungoja na ya kutotunzwa. Ni sura ya usahaulifu wetu sisi tuliokuja nyuma. Picha ya filamu iliyokwisha muda haifanani na picha ya bibi. Inafanana na namna tulivyoitelekeza picha ya bibi.

Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu picha, alijenga hoja kwamba kila picha hushuhudia kuwa kitu fulani kiliwahi kuwapo mbele ya kamera. Katika picha tunazozijadili kuna "kuwapo" mara mbili: kuwapo kwa kitu kilichopigwa, na kuwapo kwa filamu yenyewe gizani kwa miaka mingi. Mambo haya mawili hayahusiani lazima. Mhakiki anapaswa kuuliza kila mara: je, msanii ameyahusisha?

DOA LILILOTANGULIA NA DOA LILILOFUATA

Kuna mfano mmoja wa kihistoria unaotusaidia kutenganisha mambo. Tarehe 11 Julai 1897, Waswidi watatu, Salomon August Andrée, Nils Strindberg na Knut Frænkel, walipaa kwa puto kutoka visiwa vya Svalbard wakikusudia kufika Ncha ya Kaskazini. Baada ya siku tatu puto lilitua juu ya barafu. Walitembea kwa miezi, wakafika kisiwa cha Kvitøya, wakafia huko. Mabaki yao yaligunduliwa mwaka 1930, pamoja na filamu ambazo Strindberg alikuwa amezipiga. John Hertzberg alizisafisha huko Stockholm, na kati ya picha kama 240 akaokoa 93. Iliyo mashuhuri kuliko zote inaonyesha puto limelala ubavu juu ya barafu, na watu wawili wamesimama wakilitazama.

Picha hizo zina madoa na mikwaruzo, na kila mmoja huguswa nazo. Kwa nini? Kwa sababu doa lilikuja baada ya tukio. Barafu iliyowaua ndiyo iliyoihifadhi filamu, na ndiyo iliyoiharibu. Ile miaka 33 imo ndani ya hadithi. Ni sura yake ya mwisho. Fani na maudhui vimefia mahali pamoja.

Linganisha na anayenunua leo filamu iliyokwisha muda mwaka 1975 akaenda kupiga mti wa bustanini. Doa limetangulia tukio. Lilikuwamo katika droo ya mtu asiyejulikana, halijui lolote kuhusu mti huo. Ni kama dibaji iliyoandikwa na mtu mwingine, kwa kitabu ambacho hakijatungwa. Simaanishi kwamba dibaji ya namna hiyo haiwezi kufaa. Nasema haifai yenyewe tu, kwa kuwa ni ya kale. Lazima msanii aipe kazi.

WALIOIPA KAZI

Nitataja kazi mbili ambazo kwa maoni yangu zimefanikiwa kuipa tarehe iliyopita kazi ya kisanaa, ingawa kila moja inaukwepa kidogo mpaka wa mada yetu.

Ya kwanza ni ya Mmarekani Alison Rossiter. Tangu mwaka 2007 amekuwa akikusanya karatasi za kuchapia picha zilizokwisha muda, nyingine za mwanzoni mwa karne ya 20. Hatumii kamera wala negativu. Anaichukua karatasi, anaitia dawa, na kuacha ijitokeze: alama za vidole, kuvu, mwanga ulioingia kwenye kona ya boksi. Kinachonivutia mimi kama mwanafunzi wa fasihi ni anwani zake. Hutaja jina la karatasi na kiwanda, mwaka ilipokwisha muda, na mwaka alipoisafisha. Basi. Anwani hiyo ni simulizi kamili yenye mwanzo, mwisho, na pengo refu katikati ambalo karatasi yenyewe inalijaza. Rossiter hajifanyi kuonyesha zamani. Anaonyesha kungoja, na anakutajia umengoja tangu lini mpaka lini.

Ya pili inatuhusu kwa karibu zaidi. Mwaka 2012 Adam Broomberg, aliyezaliwa Johannesburg, na Oliver Chanarin, aliyezaliwa London, walikwenda Gabon kupiga picha sherehe za jando la Bwiti. Walichukua filamu za Kodak zilizokwisha muda tangu miaka ya 1970. Hizi zilikuwa za rangi, na filamu ya rangi huzeeka vibaya kuliko ya nyeusi na nyeupe kwa kuwa tabaka zake haziharibiki kwa mwendo mmoja. Walifanikiwa kuokoa picha moja tu.

Kwa nini filamu ya miaka hiyo? Kwa sababu filamu za rangi za wakati ule zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Maabara zilikuwa na kadi za mfano zenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa "Shirley", na rangi zote zilisawazishwa kwa sura yake. Mtu mweusi alitoka kama kivuli chenye meno. Inasimuliwa kwamba Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, aliikataa filamu ya Kodak akisema ni ya kibaguzi. Kampuni ilipokuja kuiboresha filamu yake, iliisifu kwa maneno ya kuzunguka: eti sasa inaweza kuonyesha undani wa farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Wasanii hawa wawili waliyachukua maneno hayo yakawa anwani ya kazi yao.

Hapo tarehe kwenye boksi imegeuka maudhui. Filamu imeitwa kizimbani kujibu kosa la enzi yake, na kushindwa kwake kuona ndiyo hukumu. Hata hivyo nina lawama. Picha zimeharibika, mashitaka yamesomwa, kampuni imeumbuka, lakini wale watu wa Gabon wako wapi? Filamu ya zamani haikuwaona, na kazi inayoilaumu filamu hiyo nayo imetoka bila wao. Mara ya pili wameachwa gizani, safari hii kwa nia njema.

SUALA LETU

Lawama hiyo inatupeleka kwenye jambo lililonifanya niandike. Chukulia mpiga picha amekuja Dar es Salaam na kamera ya mwaka 1938 na filamu iliyokwisha muda. Anapiga watu wanashuka kwenye feri ya Kigamboni. Picha inatoka na ukungu, kingo zimefifia, namba inaelea juu ya bahari. Watu hao wana simu mifukoni, wana madeni ya mwezi huu, wanawahi vibarua vya leo. Picha inawasukuma nyuma miaka themanini. Mtazamaji atasema "inapendeza, inaonekana ya zamani", na bila kukusudia atakuwa amesema kwamba Afrika ni ya zamani.

Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Kiswahili huko Shaba, Kongo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1983 jinsi taaluma yake ilivyowaweka watu wengine katika wakati tofauti na wa mtafiti, ingawa wote waliketi mkeka mmoja. Ukungu unaweza kufanya kazi hiyo hiyo bila neno moja kuandikwa. Mti wa bustanini hauumii ukifanywa wa kale. Watu wa feri wanaumia, maana hoja ya kwamba wao ni wa jana imetumiwa dhidi yao kwa muda mrefu.

Nisieleweke vibaya. Kosa hili halina rangi ya ngozi. Kijana wa hapa hapa anayefanya hivyo ili picha zake ziwe na "hisia" anaweza kuangukia shimo lile lile.

Wako watakaonijibu kwa kumtumia Viktor Shklovsky na insha yake ya mwaka 1917: sanaa hukifanya kitu tulichokizoea kiwe kigeni ili tukione upya, na ukungu hufanya hivyo. Nakubali, mara ya kwanza. Lakini mbinu ya ugeni ikirudiwa inakuwa mazoea. Tangu Instagram ilipoanza mwaka 2010, simu imeweza kumpa kila mtu sura ya picha ya kale kwa kidole kimoja. Anayepiga kwa filamu atasema: "Yangu ni ya kweli, haikutiwa na programu." Ni kweli bwana, lakini kovu kuwa la kweli hakulifanyi liwe na maana. Mhakiki haulizi tu kama kovu ni la kweli. Anauliza limetoka vita gani.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba ukungu wa filamu iliyokwisha muda ni ushahidi wa miaka ya kusahauliwa, na kwamba kuuita "zamani" ni kuwakosea wapiga picha wa zamani waliohangaikia uwazi. Nimeonyesha vilevile kwamba dai la wakati kuwa mtunzi linamficha mhariri aliye hai.

Basi, mbele ya picha ya namna hii tusiishie kusema inapendeza. Tuulize maswali matatu: filamu hii ilikuwa wapi katika miaka yake ya kungoja? Kungoja huko kunahusiana vipi na kilichopigwa? Na ni nani amesogezwa nyuma ili picha ipendeze? Kama msanii ana majibu, tumpe heshima anayostahili. Kama hana, tumshauri anunue filamu mbichi, kwani bado zinatengenezwa, awapige watu wa leo kwa uwazi ule ule ambao Keïta aliwapa watu wa Bamako.